Divergent: hofu ya Tris imeenda wapi kwenye muvi?

BintiMsomi:
Wakuu habari zenu. Nimeirudia Divergent ile ya 2014 ya Neil Burger huku kitabu cha Veronica Roth bado kibichi kichwani, maana nimekimaliza juzi tu, sasa kuna kitu kinanikera naomba tukijadili. Kwa ambao hawaijui, ni Chicago ya miaka ijayo, mji umezungushiwa uzio na watu wamegawanywa makundi matano, Abnegation wanaojinyima kwa ajili ya wengine, Amity watu wa amani, Candor wasema kweli, Erudite wasomi na Dauntless mashujaa. Ukifika miaka 16 unapimwa halafu unachagua mwenyewe kundi la kukaa maisha yako yote, na ukichagua lingine tofauti na la kwenu ndio umeshawaaga wazazi hivyo. Tris anazaliwa Abnegation anahamia Dauntless, na siri yake ni kwamba kipimo kilishindwa kumweka kundi moja.

Shailene Woodley anayeigiza Tris sina neno naye, kaibeba muvi mgongoni. Kinachoniuma ni ule mtihani wa mwisho wa Dauntless, ule wa kudungwa sindano unaingia kwenye hofu zako moja baada ya nyingine. Kwenye kitabu mojawapo ya hofu za Tris ni kuwa karibu kimwili na Four, yule kijana anayewafundisha Dauntless wapya, yaani anampenda na hapo hapo anaogopa, na ukiangalia alikotoka unaelewa kabisa, huyu ni binti wa nyumba ambayo hata kioo cha kujitazama kinafunguliwa kwa nadra, kila baada ya miezi mitatu anaponyolewa nywele basi. Na namna anavyoishinda ni nzuri mno, anacheka, anamkatalia, hofu inaisha. Kwenye muvi wameigeuza, Four anataka kumlazimisha na Tris anampiga ndio anatoka. Sasa hapo hofu iko wapi? Mimi naona pale wamemnyang'anya kitu chake cha ndani wakampa adui wa kupigana naye, na ukishaligundua hilo unaliona muvi nzima mpaka mwisho. Nyie mnaonaje, hivi muvi haiwezi kabisa kuonyesha mtu anaogopa bila kumleta mtu wa kumpiga?

MzeeWaSini:
Dada hapo sikubaliani na wewe. Ile sini ni kati ya zilizonigusa sana, kwa sababu muvi za vijana za miaka ile mapenzi yalikuwa yanaonyeshwa kama binti lazima ayeyuke tu akiguswa, huyu anasema hapana kwa kijana anayempenda kweli na anajitetea bila kuomba radhi kwa mtu. Mabinti wangapi walikaa kwenye viti vya sinema wakaliona lile? Mimi nina mdogo wangu wa kike, nilifurahi aone.

Halafu kumbuka kitabu kizima kinasimuliwa na Tris mwenyewe, kila anachowaza unakisoma. Kamera inaona uso tu. Ile ya kucheka ukiipiga kama ilivyo bila mawazo yake, mtazamaji ambaye hajasoma atashangaa huyu anacheka nini. Na kuna sehemu muvi imekipita kitabu kabisa, pale anateleza kwenye waya kutoka juu ya jengo la John Hancock usiku, majengo yamekufa yote chini yake, muziki umepanda, pale ndio nilielewa kwa nini mtoto wa Abnegation anaweza kuwaacha wazazi wake. Kurasa hazikunipa hiyo.

Pembeni_Kidogo:
Hoja ya kwamba kamera haiingii kichwani siikubali moja kwa moja, maana Hunger Games ya 2012, ile ya vijana wanaolazimishwa kuuana kwenye mashindano, ilikuwa na shida hiyo hiyo, binti mshiriki Katniss anasimulia kitabu chote, na direkta Gary Ross akatafuta njia. Alitoka nje ya Katniss. Akatupeleka chumba cha waendesha mashindano tukaona watu wamekaa kwenye mitambo wanatengeneza moto na wanyama wa kumtupia, akatupa maongezi ya rais Snow na Seneca Crane, mkuu wa mashindano, bustanini, vitu ambavyo kwenye kitabu cha kwanza Katniss hawezi kuviona. Kwa hiyo tulipoteza mawazo yake lakini tukapata picha ya wanaomchezea, hofu ikabaki pale pale.

Divergent imefanya nini? Imeweka sauti ya Tris mwanzoni anaeleza makundi, halafu kazi iliyobaki ameachiwa Woodley na macho yake. Kwa hiyo mzee wangu uwezekano ulikuwepo, ila direkta aliona mafunzo na ngumi ndio vitauza.

Nuru wa Rafu:
Mimi nina la kwangu la zaidi, mmesahau Edward!! Kwenye kitabu Edward ndiye anaongoza kwenye orodha ya wageni waliohamia Dauntless kama Tris, usiku mwenzao Peter anamchoma jicho na kisu cha mezani wakiwa bwenini, na hakuna anayeadhibiwa. Ile ndio sura inayokufundisha Dauntless imeoza kiasi gani, kwamba ushujaa wao umeshageuka ukatili na viongozi wanatazama pembeni. Muvi imeiacha, na nadhani ni kwa sababu ya kulinda ile PG-13, alama ya umri ya sinema za Marekani, ili watoto wa shule waingie. Matokeo yake Peter wa Miles Teller anabaki mtu wa mdomo mdomo tu, na ukiniambia Tris analala kwa woga nitakuuliza woga wa nini, maana mpaka wanakuja wale wa kumtupa shimoni sijaona sababu. Uriah, rafiki yake Tris aliyezaliwa Dauntless, naye hayupo kabisa, mpaka muvi ya pili, Insurgent ya 2015, ndio anatokea.

Na mwisho jamani. Kitabuni Four yuko kwenye simulesheni, yaani dawa ya Erudite imemteka akili, hamtambui Tris, Tris ana bunduki anaweza kummaliza, anamkabidhi silaha yeye. Binti wa Abnegation anarudi pale pale kwenye kujitoa, wakati alikimbia kwao akidhani hana moyo huo. Inatosha! Muvi ikaongeza Kate Winslet, yaani kiongozi wa Erudite, anarushiwa kisu mkononi na kudungwa dawa yake mwenyewe, eti lazima mkubwa wao akomeshwe ndio tutoke tumeshiba. Sijawahi kuelewa.

BintiMsomi:
Nuru umenisemea!! Ile ya mwisho ndio nilikuwa natafuta namna ya kuieleza. Sini ya bunduki wameiweka na wameifanya vizuri, nililia, halafu dakika chache mbele wanaifunika na ngumi.

Mzee wa Sini nimekusikia kuhusu mdogo wako, na kweli nakubali binti kusema hapana ni jambo kubwa. Ila hata kwenye kitabu anasema hapana, na anamwambia mtu asiyemfanyia ubaya wowote, na hilo kwangu ni gumu zaidi. Kumkatalia anayekushambulia kila mtu anakuelewa, kumkatalia unayempenda kwa sababu tu hauko tayari nani alikufundisha? Hiyo ndio nilitaka mdogo wako aione.

MzeeWaSini:
Hapo kwenye kutokuwa tayari umenipata kidogo dada. Ila ya waya sirudi nyuma.

Kijana_Faction:
Ambao hamjamaliza vitabu msisome hapa chini, nafichua mwisho.

Kumwondolea Tris undani kuliwagharimu mbele ya safari. Anapompiga Will risasi, rafiki yake aliyekuwa chini ya simulesheni, kitabu cha pili kizima anashindwa kushika bunduki, muvi inaligusa kwenye ndoto na pale Candor kwenye dawa ya ukweli halafu safari inaendelea. Sasa kitabu cha tatu cha 2013 Tris anakufa, na kifo kile kina maana kwa sababu umemfuata akijifunza tofauti ya kujitoa na kutaka tu kufa kwa sababu ya hatia. Muvi zikaruka somo hilo, wakaja kugawa kitabu cha tatu vipande viwili, Allegiant ya 2016 ikaingiza kama dola milioni 179 dunia nzima wakati ya kwanza ilipita milioni 280, na Ascendant iliyopangwa kumalizia haikutengenezwa. Kwa hiyo kwenye muvi mpaka leo Tris yuko hai, hadithi imekatika.

BintiMsomi kama umeishia cha kwanza nenda cha pili moja kwa moja, na Insurgent ya muvi iache kwanza, lile sanduku wanalogombania humo ndani kwenye kitabu halipo kabisa, litakuvuruga.