Sindano ya mwaka na nusu na usonji, hebu tujadili bila kutukanana

Wakuu habari za jioni, niko Dodoma hapa Nkuhungu, naleta jambo limetugawa nyumbani na najua sio kwetu tu. Dada yangu ana mtoto wa miaka mitatu, haongei, ukimuita jina hageuki ila honi ya baiskeli ya muuza barafu anaisikia toka mtaa wa tatu. Daktari kasema ni usonji (autism), ile hali inayofanya mtoto apate shida ya kuongea na kuwasiliana na wenzake. Sasa dada kashikilia kwamba ni ile chanjo ya surua na rubela ya miezi 18, eti mtoto alipata homa na tangu hapo kanyamaza. Ana kachanga kengine kanakaribia miezi tisa na kagoma kabisa kukapeleka kliniki.

Sikumbishia. Nikaomba simu ya shemeji tukatafuta video ya bethidei ya yule mkubwa alipotimiza mwaka, yaani miezi sita KABLA ya hiyo sindano. Ukumbi mzima wanamuita geuka huku geuka huku, keki iko mbele yake, yeye kakodolea feni. Dada aliangalia mara mbili akarudisha simu bila neno. Ujue dalili hizi wazazi wengi wanazishtukia kati ya mwaka mmoja na miwili, ndo muda mtoto anatakiwa aanze kuongea, na kadi ya kliniki nayo ina sindano muda huohuo, kwa hiyo lazima kimoja kitasingiziwa.

Na maneno haya yana pa kutokea. 1998 daktari mmoja Uingereza, Andrew Wakefield, na wenzake walitoa ripoti kwenye jarida la kitabibu la Lancet ya watoto 12, kumi na mbili tu jamani, wakahusisha usonji na chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Baadae mwandishi wa habari Brian Deer akafukua, kumbe jamaa alikuwa analipwa na mawakili waliokuwa wanaandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na taarifa za watoto zilichezewa. 2010 jarida likaifuta ripoti na Wakefield akafutiwa usajili wa udaktari. Denmark wakafuatilia watoto 657,461, majibu yakatoka 2019, waliochanjwa hawakuzidi wasiochanjwa kwa usonji. (Yetu hapa hata haina matumbwitumbwi, ila hiyo sio hoja, nasema tu.)

Kuna mdau kauliza mbona zamani hawa watoto hatukuwaona. Mkuu walikuwepo. Kule Bahi kwa bibi kulikuwa na kijana wakimuita bubu, wageni wakija anaingizwa ndani, na mama yake akaambiwa karogwa na wifi. Leo yule angepewa jina lingine, na madaktari nao siku hizi wanahesabu hata wale wa dalili nyepesi.

Mwingine kasema mbona waziri wa afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., naye ana mashaka. Ana mashaka sawa, ila cheo sio utafiti. Halafu kitu ambacho wabishi hawakisemi: mjamzito akiugua rubela mimba ikiwa changa, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho au tundu kwenye moyo, na watafiti waliona usonji pia kwa watoto wa namna hiyo. Yaani ugonjwa wenyewe ndo wa kuogopwa, sindano inauzuia!

Ila na sisi tunaotetea chanjo tuna la kujibu. Dada anasema siku ile kwenye kituo alichoenda aliuliza hii sindano ya nini, akajibiwa mama pitisha mtoto foleni ndefu. Hakuna aliyemwambia kwamba homa inaweza kuja baada ya wiki hivi na itaisha. Mtu umemnyamazisha hivyo, usiku mtoto anachemka yuko peke yake, unategemea atamuamini nani kama sio jirani mwenye simu? Na zaidi ya mwaka mzima umepotea kulaumu sindano, dogo hajafundishwa hata kuonyesha kwa kidole anachotaka.

Kadi ya kale kachanga inasema Jumatano ijayo. Shemeji kasema atakabeba mwenyewe, dada kasema basi atakwenda naye akaulize maswali yake yote, foleni isubiri.