OCT inatoa picha zenye chenga kwa wenye mtoto wa jicho: mashine ya mikroni 3 itasaidia?

macho_mawili: Wakuu, habari za kazi. Tuna OCT ya kawaida (mashine inayotumia mwanga kupiga picha za tabaka za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), mwanga wa nanomita 840. Wazee wenye mtoto wa jicho nguvu ya signali haivuki 4 kati ya 10, picha imejaa chenga. Muuzaji anasema tuchukue mashine ya mikroni 3, tatizo litakwisha. Ni kweli?

nuru840: Hapana, anachanganya mambo mawili. Hizo mikroni 3 ni uwezo wa kutenganisha tabaka kwa kina, na unatokana na upana wa spektra ya taa. Chukua 0.44, zidisha kwa urefu wa wimbi uliojizidisha, kisha gawanya kwa upana wa spektra. Kwa nanomita 840 na upana wa 50 unapata kama mikroni 6 hewani, na ndani ya jicho kama 4.5. Ukifanya upana kuwa 100, namba hizo zinapungua nusu. Lakini mwanga uliokwama kwenye lenzi yenye ukungu haurudi kwa sababu taa ina spektra pana! Tena kwa upande picha inabaki na mikroni 15 hadi 20, maana hapo kinachoamua ni mboni na kasoro za jicho lenyewe.

Mashine hiyo ina faida yake: inaonyesha vizuri tabaka za nje za retina, mfano kwa anayetumia kwa miaka mingi hydroxychloroquine, dawa inayoweza kudhuru retina. Kama shida yenu ni mtoto wa jicho tu, ulizeni bei ya OCT ya nanomita 1050. Wimbi refu hutawanyika kidogo zaidi kwenye lenzi.

bi_lenzi: Kabla ya kununua chochote, futeni kioo cha mbele. Doa likikaa pale pale kwa kila mgonjwa, ni la kioo. Likiogelea mgonjwa anapohamisha jicho, liko kwenye ute wa ndani. Puliza vumbi kwanza, ndipo ufute kwa karatasi ya lenzi yenye spiriti kidogo, kuanzia katikati kwenda nje. Ukifuta vumbi likiwa bado juu, unakwaruza.

Kisha mgonjwa mwenyewe. Weka namba ya miwani yake kwenye fokasi kabla hajaegemeza kidevu. Tone moja la machozi ya bandia, apepese mara kadhaa, halafu upige picha papo hapo; konea ikikauka signali inashuka ukiwa unaiangalia. Mboni ikiwa chini ya milimita 3, weka tropicamide 1% (dawa ya kupanua mboni) usubiri dakika 20 hadi 30, ila hakikisha kwanza pembe ya ndani ya jicho, kati ya konea na airisi, si nyembamba.

Ukungu ukiwa nyuma ya lenzi katikati, usilazimishe mwanga upite hapo. Sogeza mashine pole pole pembeni ya mboni mpaka upate dirisha. Picha italala upande mmoja, na kwa makula (sehemu ya katikati ya retina) haina neno.

nuru840: Naongezea kwa Bi Lenzi: usifanye hivyo unapopima nyuzi za neva kwa ajili ya glakoma. Mwanga ukiingia pembeni, unene unaosomwa unahama. Signali dhaifu nayo hupunguza unene unaosomwa, ripoti inawaka nyekundu kwa mtu asiye na ugonjwa. Kwenye Cirrus (aina mojawapo ya mashine za OCT) nguvu ya signali ikiwa chini ya 6 msitegemee namba hizo za unene.

macho_mawili: Asanteni sana. Na kuunganisha picha nyingi kunasaidia?

bi_lenzi: Sana. Picha 16 za sehemu ile ile zinapunguza chenga kama mara 4, ila mzee atulie muda mrefu zaidi. Akitikisika, bora 8 safi. Angalieni pia mistari ya tabaka iliyochorwa na programu: mara nyingi kwenye signali ndogo inaruka hadi kwenye ute, nayo namba ya unene ikachapishwa kana kwamba ni sahihi. Na mgonjwa akishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mpime upya na hicho ndicho kiwe kipimo cha kuanzia. Ukikilinganisha na cha zamani, nyuzi zitaonekana zimenenepa.