Mama amepata kiharusi na ni mnene: tumpunguze uzito sasa?

MtotoWaMwisho: Wakuu, habari zenu. Mama alipata kiharusi miezi michache iliyopita, upande wa kulia ukalegea. Alikuwa na kilo 94. Sasa nguo zinampwaya. Dada yangu anafurahi, anasema akiwa mwepesi atasimama upesi, kwa hiyo anampunguzia chakula. Mimi moyo unakataa. Paja la kulia nikilishika ni laini, jembamba kuliko la kushoto. Nishaurini.

FizioMstaafu: Pole sana, na mama mpe pole. Unene huchangia mtu kupata kiharusi, maana huandamana na presha na kisukari. Kikishatokea, hesabu hubadilika. Mgonjwa anayekonda bila kukusudia, hasa mtu mzima, mara nyingi hupona kwa shida zaidi. Zipo hata tafiti zilizoona wanene kiasi wakiishi muda mrefu zaidi baada ya kiharusi. Wataalamu wanabishana, kwa hiyo isiwe ruhusa ya kunenepa. Ila hilo paja linanitia wasiwasi. Hapo panaondoka msuli, na msuli ndio utakaomsimamisha. Akinywa maji anakohoa?

MtotoWaMwisho: Ndiyo mkuu. Na chakula kinabaki shavuni upande wa kulia, halafu anasema ameshiba.

FizioMstaafu: Huenda hajashiba, anaogopa kupaliwa. Apimwe haraka uwezo wa kumeza, kwani chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia. Kwa sasa ale akiwa ameketi wima, tonge ndogo ndogo, umkague shavu, na asilale mara tu baada ya kula.

NamuuguzaBaba: Nitapinga kidogo. Uzito mkubwa nao unatesa. Baba kumgeuza kitandani ilikuwa kazi ya watu wawili, na asipogeuzwa vidonda vinaanza. Lakini hatukumnyima chakula. Mtaalamu wa lishe alipunguza sukari na chumvi, protini akaiacha, mazoezi yakaendelea. Kilo zilishuka taratibu huku miguu ikipata nguvu.

Tulizo: Angalieni na sonona. Huwapata wengi baada ya kiharusi na huua hamu ya kula, ila inatibika. Mwambieni daktari.

MtotoWaMwisho: Asanteni sana. Nimemsomea dada, amekubali tuanze na kupima kumeza. Uzito tutampimaje na hawezi kusimama?

FizioMstaafu: Ulizia mizani ya kiti hospitalini. Isipokuwepo, zungushia tepu ya fundi cherehani katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, pale pale kila wiki, na uandike. Namba ikiendelea kushuka, mrudishe kwa daktari hata kama anasema anakula.