Siku ya 11 baada ya operesheni ya kupunguza tumbo, maji hayapiti kabisa. Mliopitia mlifanyaje?

BintiShangani:

Habari zenu wapendwa. Mi niko Mtwara mjini, nimefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo Dar, ile ya matundu, wanaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula unaobaki unakuwa mwembamba kama ndizi. Leo siku ya 11. Nilikaa kwa dada yangu Mbagala wiki moja ndo nikapanda basi kurudi nyumbani.

Vidonda vinapona vizuri tu sina malalamiko, kinachonimaliza ni maji. Daktari alisema nifikishe lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, jana nimehangaika toka alfajiri mpaka usiku nimeishia kichupa kimoja cha nusu lita na supu kidogo iliyochujwa. Nikipiga fundo kama nilivyozoea linakaa hapa katikati ya kifua linauma kama nimemeza kokwa la embe, mate yananijaa mdomoni, nishatapika mara mbili. Na joto la huku sasa hivi mnalijua, mvua bado, unalala shuka linalowa, umeme ukikatika feni ikazima ndo basi tena. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi na nikiinuka ghafla naona vimulimuli.

Mama mkwe kashuka toka Newala kuja kuniuguza, Mungu ambariki, ila yeye anajaza jagi zima analiweka mbele yangu "kunywa mwanangu, maliza", nikionja nikaacha anaona nadeka. Juzi kanipikia uji wa muhogo mzito ule wa kusimamisha kijiko, nikaangalia bakuli nikalia jamani.

Naombeni mnaojua, mnakunywaje? Na mnalalaje, maana chali siwezi ubavu siwezi. Wale wa "si ungefanya mazoezi tu" uzi huu uruke, hayo nishayasikia mpaka kwenye kitchen party.

MamaKijiweniLindi:

Pole sana mdogo wangu, mi niko Lindi nimefanya mwaka jana, hilo la kokwa la embe umelisema vizuri sijawahi kupata maneno yake. Shida yako sio kwamba hutaki kunywa, shida bado unakunywa kwa mazoea ya tumbo lile la zamani. Hili la sasa limevimba bado, nafasi hamna.

Mi kilichonisaidia ni kikombe cha kahawa. Vile vidogo vya wauza kahawa na kashata. Nilichukua bomba la sindano la mililita 10, sindano yenyewe nimetoa, nikapima maji mabomba matatu nikamwaga kwenye kikombe nikaona yanaishia wapi, pale nikachora na rangi ya kucha. Hiyo ni mililita 30. Simu nikaweka alamu kila dakika kumi. Alamu ikilia unachukua kikombe chako, hunywi kwa mkupuo, unalowesha ulimi, unameza tone, unasubiri, unaongeza, mpaka kiishe kabla alamu nyingine haijalia. Piga hesabu, vikombe sita kwa saa ni mililita 180, masaa kumi ni lita moja na mililita 800. Sio kwamba utafika leo wala kesho, mi mwenyewe wiki ya pili nzima nilikuwa nagota kwenye lita moja, lakini ukiangalia vikombe hukati tamaa kama ukiangalia jagi. Jagi liondoe hapo mbele linakutisha bure.

Maji ya uvuguvugu kwangu yalipita, ya friji yalinibana kifua. Kuna mwenzangu tulifanya naye wiki moja yeye kinyume kabisa, bila baridi hapiti. Jaribu yote. Ukiona maji matupu yanakukinai kamulia tone la limao au chemsha na kijiti cha mdalasini. Mrija usitumie, unavuta na hewa humo humo tumbo linajaa hewa tupu.

Halafu dafu. Watu wa pwani tumebarikiwa, dafu moja changa mimina kwenye chombo, changanya na maji nusu kwa nusu, gandisha kwenye vile vifuko vya barafu za watoto, mchana joto likipamba unamung'unya taratibu. Ila usiishi kwa dafu peke yake lina sukari yake, na kama una shida ya figo muulize daktari kwanza.

FundiMasasi:

Pole dada. Wife alipojifungua kwa operesheni tulimpa soda ya tangawizi akacheua gesi yote ikatoka akawa poa, jaribu. Maumivu chukua diklofenaki duka la dawa hazina shida.

NesiWaZamu:

@FundiMasasi kaka angu najua nia nzuri lakini hapana, na hapana mara ya pili. Operesheni ya uzazi haijagusa mfuko wa chakula, huyu dada mfuko umekatwa na kushonwa. Soda gesi yake inatanua kitu ambacho mshono bado mbichi, itamuumiza. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini za kujinunulia zote hizo zinachubua tumbo zinaleta vidonda, wengi wetu tunawaambia waziache kabisa. Parasetamoli ndo ya kushika, na hata hiyo kwa kipimo alichopewa.

Sasa @BintiShangani nikuulize kitu, ulivyokuwa na uzito ule ulikuwa na presha? Unameza dawa ya presha mpaka leo? Soma kwenye boksi au piga picha mwoneshe mtu wa famasi, kama ndani yake kuna dawa ya kukojosha basi we unajaza ndoo yenye tundu. Unaingiza nusu lita kwa shida hivyo halafu kidonge kinaitoa. Wanaofanya operesheni hii presha na sukari hushuka mapema, dawa za zamani lazima zipitiwe upya. Usiache mwenyewe kimyakimya ila piga simu leo kwa waliokufanyia, leo sio Jumatatu.

Na mkojo wa chai ya rangi pamoja na kuona vimulimuli mi silali na hilo, nenda hospitali iliyo karibu wakupime presha na wakuangalie kama unahitaji dripu. Ukifika sema mwanzo kabisa kwamba umefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo na umekuwa unatapika, waombe wafikirie vitamini B1 kabla ya kutundika dripu ya glukozi, maana mtu asiyekula na anayetapika B1 inamwisha na glukozi ikitangulia inaweza kuleta matatizo ya ubongo. Sio kila mtu wa zamu atakumbuka, we kumbusha tu kwa heshima.

Kingine umekaa kwenye basi Dar mpaka Mtwara siku ya nane hapo. Angalia vigimbi. Mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa wa moto kuliko mwenzake, au ukapata pumzi kukata ghafla, usingoje kukuche. Vivyo hivyo homa, maumivu makali ya tumbo yasiyoisha au moyo kwenda mbio na we umekaa tu. Hayo sio ya kuuliza huku mtandaoni.

BintiShangani:

Dada nesi umenishtua. Nimeenda kuangalia boksi, kidonge kimoja lakini majina mawili, nimempelekea kijana wa famasi hapa mtaani kanionesha jina la pili ndo hiyo ya kukojosha. Nimekuwa nameza kila asubuhi na kile kikombe cha kwanza. Kwenye karatasi ya kutoka hawakuandika niache wala niendelee na mi sikuuliza. Miguu iko sawa yote miwili. Nampigia daktari sasa hivi na mume wangu anawasha bajaji.

FundiMasasi:

Nimeelewa nesi, nafuta kauli. Pole sana dada.

MamaKijiweniLindi:

Nenda mama, sisi tupo. Hili la kulala nakuandikia utasoma ukirudi. Usilale chali wala ubavu, lala umekaa. Panga mito mitatu minne kwenye kona ya kitanda na ukuta uegemee kama unasubiri meli, goti moja weka mto chini yake. Mi wiki mbili nililala kwenye kochi. Ukitaka kuinuka usijikunje kwa tumbo, geuka ubavu kwanza sukuma kwa mkono. Ukitaka kukohoa au kucheka kumbatia mto tumboni (mume wangu alikuwa anapenda kunichekesha makusudi, nilimtishia talaka). Nguo madera tu, kitu cha kubana kiuno sahau kwa sasa.

Kama bega linauma na huelewi mbona hawakugusa bega, ni ile gesi waliyokujaza tumboni wapate kuona, siku za mwanzo inasumbua halafu inaisha, dawa yake kutembea. Lakini bega likianza upya pamoja na homa rudi kwa maneno ya nesi.

Na mama mkwe usimkasirikie. Kwao mgonjwa asipokula anakufa, ndo alivyokulia. Mpe kazi. Mi mama yangu nilimkabidhi alamu.

ChaiMaharage:

Samahani naingilia, kwenye Ramadhani mnafanyaje? Nataka kufanya mwakani.

NesiWaZamu:

@ChaiMaharage miezi ya mwanzo kufunga haiwezekani, maji hayo hutaweza kuyabana kati ya futari na daku. Mgonjwa ana ruhusa, muulize na shehe wako. Panga tarehe ya operesheni mbali na mwezi huo.

BintiShangani:

Nimerudi wapendwa, leo siku ya 14 samahani nilipotea. Siku ile presha ilikuwa 90 kwa 60, walinitundikia dripu mbili, B1 niliomba yule daktari kijana akasema ngoja niulize akaenda akarudi nayo. Daktari wa Dar kasema kidonge cha presha niache kabisa, nipime kila asubuhi nimtumie namba, wiki ijayo tutaongea tena.

Maji jana lita moja na robo!! Mkojo umekuwa kama maji ya ukwaju mepesi, nafurahia mkojo jamani nimekuwa mtu wa ajabu. Nimegundua asubuhi nashindwa, kuanzia saa nne ndo kinafunguka, basi vikombe vingi navipanga jioni upepo wa bahari ukianza. Cha moto ndo kinapita, mchuzi wa changu uliochujwa na chumvi kidogo mama mkwe ananipimia mwenyewe. Alamu ikilia yeye ndo anaamka kabla yangu "haya dakika kumi hizo". Mume wangu alinunua vikombe viwili kwa muuza kahawa wa kona, mama mkwe kavichora mstari kwa wanja maana rangi ya kucha hana, kimoja kishavunjika leo asubuhi.