Naukimbia mnara wa simu, kumbe nimelikimbia na jua: vitamini D nitaipataje?

Mama Zubeda, Arua

Ndugu zangu, salaam aleikum na habari za siku. Maneno haya nimeyaandika kwa kalamu kwenye daftari. Mpwa wangu ndiye anayeyachapa kule mjini, na majibu yenu ataniletea kwenye karatasi, kwa hiyo nikichelewa mnivumilie.

Nina miaka 43. Miaka sita nilikaa kwenye kibanda cha mobile money, simu nne mbele yangu kuanzia asubuhi hadi taa za barabarani ziwake. Mwaka wa nne kichwa kikaanza. Hakiumi kama cha malaria. Kinabana juu ya masikio kama kamba ya mzigo iliyokazwa. Ngozi ya mikono ikawa inachoma, usingizi ukakata. Nikienda kwa mama kijijini, mahali simu hazishiki, nalala. Nikirudi mjini, yanarudi. Kibanda nikakiacha. Mwaka juzi ukajengwa mnara nyuma ya uzio wa jirani, hatua 80 kutoka mlangoni kwangu, nimezihesabu mwenyewe. Tangu hapo nimehamia chumba cha ndani, dirisha lake nimelizibia bati, simu sina. Natoka alfajiri kuchota maji na jioni baada ya magharibi, maana saa hizo naona afadhali kidogo.

Sasa limezuka la miguu. Mfupa wa mbele, chini ya goti, ukiubonyeza kwa kidole gumba unauma kama kidonda. Kisha kuinuka kwenye kigoda cha jikoni kukawa kazi: nashika ukuta kwanza, nahema, ndipo nasimama. Dada yangu akanishika mkono hadi kliniki. Damu ilitolewa hapa ikapelekwa Kampala, na pesa niliyolipa ingeninunulia mbuzi. Majibu yakasema vitamini D ni nanogramu 9 kwa mililita. Daktari akaniuliza, "Mama, unaishi Uganda, jua liko utosini, umefikaje hapa?" Nikamweleza habari ya mnara. Akacheka. Simtaji yeye wala kliniki yake, lakini kwa kicheko kile nilirudi nyumbani na maswali yangu yote mdomoni. Nayaleta kwenu.

Sebuleni nina dirisha moja la kioo, upande wa mashariki usio na mnara. Tangu Ramadhani nakaa pale nusu saa kila asubuhi, jua linanipiga usoni na mikononi. Mama zetu waliwaotesha watoto wachanga jua hilo hilo la asubuhi. Mbona basi halijanisaidia? Pili, nikila mayai na dagaa kwa wingi, naweza kuviacha vidonge? Nimepewa vya yuniti 50,000, kimoja kwa wiki, wiki nane. Sijavigusa, hesabu hiyo inanitisha. Na la mwisho, msilicheke: jua nalo si mawimbi? Je, halitaniumiza kama mnara?

Nesi mstaafu, Tororo

Mama Zubeda, pole sana. Mgonjwa akichekwa haulizi tena, na asipouliza anaumia nyumbani peke yake. Nimefanya kazi wodini miaka 31, nitakujibu kama ningekujibu ukiwa umekaa mbele yangu.

Dirisha kwanza, maana ndilo lililokupotezea miezi. Ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa na miale ya urujuanimno, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile sehemu yake iitwayo B. Kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote. Joto linapita, mwanga unapita, hata miale ya aina A inayozeesha ngozi inapita, lakini ile unayoitaka imebaki nje. Ungekaa pale mwaka mzima, damu yako isingebadilika.

La pili ni saa. Hili la jua la asubuhi tumelirithi kwa bibi zetu, na kwa mtoto mchanga upole wake una maana. Ila saa moja na nusu asubuhi jua liko chini, miale yake inapita kwenye hewa nyingi kabla ya kukufikia, na ile ya B inaishia njiani. Simama uwanjani utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inapata kidogo sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, hapo kazi inafanyika. Kwetu Uganda ni tangu saa nne hivi za asubuhi hadi karibu saa kumi, mwaka mzima, kwa sababu tuko kwenye ikweta. Watu wa Ulaya ya kaskazini wakati wa baridi wanakaa miezi bila saa kama hiyo hata moja.

Ngozi yetu nyeusi inajikinga vizuri, na kwa kujikinga huko inachukua muda zaidi kuliko ya Mzungu. Anza na dakika kumi, mikono na miguu wazi, uso ufunike kwa kitambaa. Ongeza taratibu hadi nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki. Ngozi isifike kuwaka. (Anayesoma hapa akiwa na ualbino au mwenye mtoto mwenye ualbino: haya hayamhusu kabisa. Yeye akae kivulini, vitamini D aipate kwa dawa.)

Chakula. Kiini cha yai kina yuniti kama 40. Mtu mzima anahitaji 600 kwa siku, na akipita miaka 70 ni 800. Piga hesabu: mayai 15 kila siku. Samaki wenye mafuta ni bora zaidi, na dagaa unawala wazima na mifupa yao, hivyo unapata na kalisi, ambayo mifupa yako inaililia. Uyoga ukiukata vipande ukauanika kwenye jua la mchana nao hujitengenezea vitamini D. Vyote hivyo kula kwa raha, lakini mtu aliye kwenye 9 hapandi kwa chakula peke yake. Wanaohesabiwa kuwa salama wako 20 na kuendelea. Chini ya 12 ni upungufu wenyewe. Maumivu ya mfupa na kushindwa kuinuka kigodani ndivyo upungufu unavyoonekana kwa mtu mzima: mfupa unakuwa laini, msuli wa paja unakosa nguvu.

Kwa hiyo vidonge meza. Yuniti 50,000 kwa wiki ni kama 7,000 kwa siku, ni kipimo cha kujazia pengo, na kinatolewa hivyo kwa wiki nane. Ninachokuomba kwa mikono miwili: KIMOJA KWA WIKI. Niliwahi kumpokea mama aliyevimeza kila siku kwa sababu duka la dawa halikumwandikia kwenye bahasha. Alikuja na kiu isiyokatika, kutapika, choo kigumu, kalisi imejaa kwenye damu. Andika siku kwenye ukuta kwa chaki. Meza baada ya chakula chenye mafuta, maana vitamini hii husafiri na mafuta. Wiki nane zikiisha, usizidishe yuniti 4,000 kwa siku bila daktari. Na mwambie daktari, safari hii umtafute mwingine, kama unatumia dawa ya kifafa au rifampisini ya kifua kikuu, kwa sababu hizo huivunja vitamini D upesi.

Kijana wa Lira

Mama, mimi nitasema wazi. Mnara hauumizi mtu. Toa bati dirishani, toka nje, utapona. Haya ni mawazo tu.

Nesi mstaafu, Tororo

Mwanangu, neno "tu" liondoe. Shirika la Afya Duniani lilipoandika mwaka 2005 kuhusu watu wanaohisi kuumizwa na mawimbi ya simu na minara lilisema dalili zao ni za kweli na zinaweza kumlemaza mtu. Lilisema pia kwamba hakuna msingi wa kisayansi unaozifunga dalili hizo na mawimbi. Kwenye majaribio ambayo mgonjwa wala mpimaji hajui kama mtambo umewashwa au umezimwa, watu hawakuweza kutambua. Nayaamini majaribio hayo, na Mama Zubeda ana haki ya kuyajua kutoka kwangu bila kufichwa. Lakini mama huyu halali na kichwa kinambana. Kuna sababu, na haijatafutwa. Mama, ukirudi kupima, omba wakuangalie presha, wingi wa damu na tezi la shingo. Tezi likilegea au damu ikipungua, mtu huchoka, kichwa huuma, naye anaweza kuhangaika miaka bila kujua.

Kuhusu swali lako la jua: ndiyo, mwanga ni mawimbi, na swali lako ni la mtu mwenye akili. Tofauti ni ukubwa. Wimbi la simu moja likiwa na urefu kama wa rula ya shule, wimbi la miale ya B halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Hilo dogo lina nguvu ya kukata kiungo cha kemikali ndani ya ngozi, na hapo ndipo vitamini D inapozaliwa, ikapelekwa kwenye ini, kisha figo, ndipo itumike. La mnara halina nguvu hiyo ya kukata.

Baba Ratibu, Bombo

Salaam dada. Mimi nilikuwa fundi redio, na nilipatwa na hali kama yako, hadi leo silali chumba kimoja na simu. Sibishani na nesi, yeye amesoma. Nakwambia nilichofanya ili nisikose jua.

Nyuma ya nyumba nilisimamisha miti minne ya mkaratusi, nikazungushia mikeka ya mafunjo, juu nikaacha wazi. Ni mapana ya kitanda na nusu. Humo mke wangu naye anakaa bila mtandio na hakuna anayemwona, na nadhani hilo litakufaa. Upande wa mnara unaweza kuweka bati. Redio ukiifungia ndani ya sanduku la bati inanyamaza, hilo nimeliona kazini mara nyingi. Kama ni bati litakalokupa moyo wa kutoka nje, liweke. Jua linatoka juu, bati la ubavuni halitalizuia. Ila usiliegemee saa saba mchana, litakubabua.

Na usinunue zile taa za miale zinazouzwa mtandaoni kutoka ng'ambo. Zinaunguza ngozi na macho zisipotumiwa kwa uangalifu, nazo zimetengenezwa kwa watu wasio na jua.

Mama Zubeda, Arua

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki sita. Karatasi za mpwa wangu nimezisoma hadi zimechakaa kwenye mikunjo.

Siku ya kwanza nilisimamisha mpini wa jembe uwanjani, na kila saa nikaweka alama ya ncha ya kivuli kwa majivu ya sigiri. Saa tatu kivuli kilikuwa kirefu kuliko mpini. Saa nne na robo kikawa kifupi. Nesi, ulisema kweli kabisa. Niliketi pale nikaangalia yale majivu, nikawaza nusu saa zangu zote za nyuma ya kioo.

Baba Ratibu, mikeka imesimama. Bati nimeliweka upande wa jirani. Wiki ya kwanza nilitetemeka, kichwa kilibana, nilikaa dakika nane nikakimbilia ndani. Sasa nafika dakika 25, na siku mbili za juma lililopita nilisahau kabisa kusikiliza kichwa kwa sababu nilikuwa nachambua simsim. Sisemi mnara hauna neno. Naandika lililotokea.

Kijana wa Lira, sikukasirika. Bati la dirishani bado lipo.

Presha wamepima, iko sawa. Damu ni pungufu, nimepewa vidonge vya madini ya chuma. Tezi wanasubiri majibu. Daktari huyu wa pili ni binti mdogo, aliandika kila nilichosema, na vitamini D atanipima tena nikimaliza wiki nane.

Mfupa bado unauma nikiubonyeza, ila jana niliinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Nilikuwa na sufuria mkononi, sikujua mpaka nilipokuwa nimesimama. Kidonge cha sita nilikimeza mchana huo huo, baada ya ugali wa muhogo na muziri (samaki wadogo kama dagaa) wa Panyimur waliopikwa kwa simsim ya kusaga, na kwenye ukuta nimechora mstari wa chaki wa sita.