Mzee wa viapo kanidondoshea ukwaju kwenye pasipoti halafu ananambia NISHTAKI

KijanaWaSheria:

Jamani niko ndani ya matatu ya Bamburi nachapa mikono inatetemeka, mkiona herufi zimepotea nyamazeni. Yule mzee wa viapo, kamishna anayeapisha watu na kupiga muhuri hati, mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa ngazi za giza, kalamu tatu mfukoni na zote haziandiki, hakuna mwanafunzi wa sheria Mombasa hii hajapanda zile ngazi akashuka na mvi. Jina sitaji manake nikilitaja atataka nimlipie kiapo.

Sasa skizeni. Julai mpaka Septemba naenda atachimenti, mafunzo ya kazini, Hamburg, Ujerumani, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari. Mimi. Mtoto wa Kisauni niliyefunzwa kuogelea kwa kusukumwa. Alhamisi niko Nairobi kuomba viza, tiketi ya treni ya SGR nishalipa, barua ya mwaliko ninayo, bima ninayo, mamangu ashaanza kuwaambia majirani nimekuwa jaji. Kitu kimoja tu kilibaki. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, pasipoti inasema Athman. Karani wa mwaka ule alikuwa na wino wa kumwaga. Kwa hivyo nataka hati ya kiapo kwamba Athumani na Athman ni mtu mmoja na huyo mtu ni mimi hapa. Karatasi moja. MOJA.

Nafika saa nne naambiwa kaenda chai. Saa tano bado yuko chai. Hiyo chai ilikuwa inachumwa Kericho wallahi. Saa sita na robo ndio anatokea, bajia kwenye gazeti, ukwaju kwenye kikombe cha uji, anakaa, anavuta pasipoti yangu, anaifungua katikati, anaiweka CHINI YA BAJIA. Si kando ya bajia. Chini. Anasoma Athman, anachovya, anauma. Anasoma Athumani, anachovya, anauma. Nikaliona lile tone. Limening'inia pale kwenye ncha ya bajia linajifikiria, mimi nasema mzee samahani, yeye anasema ngoja kijana, mimi nasema mzee, na tone hilo likashuka. Ukurasa mweupe pe, ule ambao ungebandikwa viza.

Na hapo ningesamehe. Kudondosha ni kudondosha, hata mimi hudondosha. Lakini huyu mtu akaramba kidole gumba, AKAKIRAMBA mpaka kwenye kifundo, kisha akapangusa nacho. Tone lilikuwa kama mbegu ya papai. Sasa ni ramani ya Lamu na visiwa vyake vyote.

Nikamwambia mzee hii ni pasipoti. Akaniangalia. Akachukua bajia nyingine. Akasema, "Si ndio unasoma sheria wewe? Nishtaki basi."

Nishtaki!! Bajia iko mdomoni! Halafu akapiga muhuri, akachukua elfu yangu moja, nikangoja chenji, akaniuliza kama kuna swali lingine.

Sitaki ushauri. Nataka mnisaidie kumkasirikia. Alikiramba jamani.

BintiTudor:

Hahahaha kidole gumba. Mimi mwaka jana aliniapisha akiwa amelala. Nikasema naapa, kimya. Nikasema tena naapa, kimya. Mara ya tatu akashtuka akanijibu waalaikum salaam.

Mtoro_wa_Likoni:

Mtu anaenda kwenye mahakama ya majaji 21 na ameshindwa na mzee mmoja na bajia.

KijanaWaSheria:

Na kidole. Usisahau kidole.

FundiSimu:

Hamburg si ndio kule kulikotoka baga? Utuletee.

Baraza_la_Bondeni:

Kijana kwani ile kesi yetu na Somalia ya bahari si ilikuwa The Hague? Hukumu ikatoka Oktoba 2021 mstari ukapita karibu na kule wanakotaka wenzetu, tukabaki tunakuna vichwa. Huko Hamburg unaenda kufanya nini, kuhesabu samaki changu?

KijanaWaSheria:

Mzee wangu shikamoo. Hizo ni mahakama mbili. Ile ya The Hague inasikiza kesi za nchi na nchi za kila aina, hii ya Hamburg ni mambo ya bahari, meli zikishikwa, mipaka ya maji na vitu kama hivyo, iko tangu 1996. Lakini tusitoke kwenye mada. ALIRAMBA halafu AKAPANGUSA.

Baraza_la_Bondeni:

Marahaba. Bado sijaona kazi yako hapo.

Mtoro_wa_Likoni:

Nimekaa nimepiga hesabu. Julai 31, Agosti 31, Septemba 30, jumla 92. Viza ya Schengen, ile fupi ya Ulaya, mwisho siku 90. Hizo siku mbili utakuwa wapi wewe, chini ya kitanda cha jaji?

KijanaWaSheria:

Naomba ile ndefu, ile ya D, ya kuzidi siku 90. Yuro 75 bure bure kama dirishani watanusa pasipoti waniulize ni bizari gani. Mnaona sasa mtu amenifanyia nini?

MamaKachri:

Mwanangu pole. Lakini ukwaju haupanguswi na mate, ungeacha ukauke ukakwangua na ukucha. Mate yanausambaza. Bajia zenyewe alinunua wapi?

Suti_ya_Ijumaa:

Nyinyi mnalia na ukwaju, mimi naenda atachimenti London na fundi wangu (mnamjua, yule wa njoo Ijumaa) nimempa kitambaa tangu Ramadhani. Jana ndio kanipa suti. Mkono wa kulia unafika kwenye kiganja, wa kushoto unaishia hapa kwenye kiwiko, nauliza anasema nisimame nikiwa nimeegemea upande. Nimeambiwa niegemee miezi mitatu!!

BintiTudor:

Afadhali wewe umepewa mikono miwili. Mpiga picha wangu, sitaji, picha za viza nimemwambia 35 kwa 45 milimita, uso wa kawaida. Akanitoa mikunjo, akanipaka weupe, akanipa nyusi za dadake. Mama alipoiona aliuliza huyu mgeni ni nani.

Suti_ya_Ijumaa:

Upande wa kushoto napata baridi.

KijanaWaSheria:

Anzeni nyuzi zenu.

Mtoro_wa_Likoni:

Hebu kijana, hiyo hati yenyewe umeisoma? Yule mzee macho yake hata matatu ya Likoni haioni, na ni basi zima. Jina ameandikaje?

KijanaWaSheria:

Ameandika sawa, nilimtajia herufi moja moja.

KijanaWaSheria:

Ngojeni.

KijanaWaSheria:

"...kwamba majina Athumani na ASMANI ni ya mtu mmoja."

BintiTudor:

Nimeanguka kwenye kiti.

Mtoro_wa_Likoni:

Sasa mko watatu. Kodini tuktuk.

FundiSimu:

Asmani naye amelipa tiketi ya SGR ama anapanda na ya Athman?

Baraza_la_Bondeni:

Kwa hivyo Athman mwenye pasipoti hajaapiwa na yeyote. Kisheria kijana wewe bado hujafika pale ofisini.

KijanaWaSheria:

Leo ni Jumanne!!! Kesho saa mbili asubuhi niko juu ya zile ngazi na akinitolea tena neno nishtaki mimi sijui.

BintiTudor:

Utamlipa elfu nyingine, hilo ndio utafanya. Na pasipoti uishike wewe mwenyewe juu kama bango la harusi, asome kwa mbali.

MamaKachri:

Saa mbili hatakuwepo. Lakini hujanijibu, bajia alinunua wapi? Manake kuna zile za dengu za pale karibu na Marikiti na kuna za kunde, za kunde hazinywi ukwaju sana, tone lisingedondoka.

Baraza_la_Bondeni:

Hapo ndipo mimi nimeshangaa tangu mwanzo nikanyamaza. Bajia na ukwaju? Bajia ni chatne ya nazi. Ukwaju ni wa viazi karai. Huyo mzee shida yake si viapo, hajui kula.

Mtoro_wa_Likoni:

Aaa mzee hapo tutakosana. Viazi karai, bajia, muhogo, vyote ukwaju. Nazi inalala jioni inachacha.

Baraza_la_Bondeni:

Inachacha kwenu Likoni kwa kungojea feri. Huku tunakuna tunakula.

FundiSimu:

Nimepita Lighthouse pale ufukoni jana, kachri (krispi) za muhogo zimekuwa kijikaratasi hiki kidogo kama cha tembe za malaria, pilipili ndiyo nyingi. Huyo muuzaji mnamjua.

MamaKachri:

Sema ukweli FundiSimu, ulinunua ya shilingi 20 ukataka gunia.

Suti_ya_Ijumaa:

Huyo fundi kanipigia sasa hivi ati nirudi Ijumaa.

KijanaWaSheria:

Watu wangu. Pasipoti.

MamaKachri:

Hebu mwanangu, ule ukwaju ulikuwa na pilipili ama mtamu?

KijanaWaSheria:

Nitajuaje mama.

MamaKachri:

Ulifuta na nini alipomaliza yeye?

KijanaWaSheria:

Kwa kidole.

KijanaWaSheria:

Ulikuwa mtamu. Sukari tupu, pilipili haikuweko.

Baraza_la_Bondeni:

Sukari? Kwenye ukwaju?

Mtoro_wa_Likoni:

Aaah hapana. Hapo mzee tuko pamoja.

BintiTudor:

Basi kijana atafutwe huyo muuza bajia ndio ashtakiwe.