Batani ya kubadili kozi imepotea kwenye akaunti yangu, nimechaguliwa au najipa moyo tu?

Kijana wa Kibaigwa
Wakuu habari za saa hizi, mwenzenu usingizi umekata kabisa. Nimemaliza form six mwaka huu PCB nikapata wani ya 7 (B ya bios, B ya kemia, C ya fizikia), awamu ya kwanza nikaomba udaktari Muhimbili, Bugando na UDOM. Sasa jana saa nane usiku nimeingia kwenye akaunti ya chuo kimojawapo hapo sikitaji, nakuta ile batani ya kubadili kozi haipo na pembeni ya jina langu pana kialama cha kijani ambacho mi nina uhakika juzi hakikuwepo. Vile vingine viwili batani bado ipo. Mshkaji wangu niliyesoma naye anasema ikipotea ujue ushabebwa, mwingine ananiambia ni kinyume chake eti wameshakutoa kwenye foleni, yaani nimebaki katikati. Nimechukua hadi linki ya pdf ya majina ya mwaka jana nikabadilisha mwaka, inaniambia ukurasa haupo. Halafu kuna jamaa Telegram anasema ana mtu ndani, elfu thelathini anakuchungulizia jina kabla mkeka wa waliochaguliwa haujatoka. Aliyepitia haya anisaidie, kuna dalili yoyote ya kweli au?

Bwashee wa Sinza
Kialama cha kijani ni kwamba malipo ya elfu kumi yameonekana, lala dogo 😂😂

mzee_wa_fomu
Dogo, niliwahi kukaa dawati la udahili, chuo tuache. Batani inapotea dirisha likifungwa, na kila chuo kina mfumo wake na kijana wake wa IT, mmoja anafunga usiku uleule mwingine anakumbuka keshokutwa. Hapo hamna siri.

Sikiliza inavyokwenda. Chuo kinapanga waombaji kwa ufaulu na nafasi zilizopo, halafu majina yanapelekwa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, yakahakikiwe: sifa zako, na kama umechaguliwa kwingine pia, wanakujua kwa namba yako ya form four. Yakirudi yamepitishwa ndio vyuo vinatangaza, ndiyo maana unaona mikeka inashuka karibu pamoja nchi nzima. Kwa hiyo hata huyo "mtu wa ndani" akiliona jina lako leo anachokiona ni mapendekezo tu, hajui kitakachorudi. Na huyo wa Telegram anawaambia wote wamepita, ukikosa anakublock, ukipata anakuja kuomba ya soda. Usimtumie hata mia.

Ukitaka kukadiria angalia mambo mawili basi, nafasi za kozi hiyo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU na alama zako. Ila usichanganye, hiyo 7 yako ni hesabu ya NECTA, wale wa baraza la mitihani, ambayo ndogo ndio nzuri, TCU wanahesabu A 5, B 4, C 3, kwahiyo wewe una 11. Kile kiwango cha chini mnachokiona kwenye kitabu ni cha kukuruhusu kuomba tu, udaktari wanaanza kuchukua kutoka juu na wenye A tatu wapo wengi. 11 si mbaya, lakini Muhimbili mi nisingekuahidi. Ukikosa kuna awamu ya pili, usikae kimya ukasusa.

Kijana wa Kibaigwa
Shukrani sana mzee wangu. Na akaunti ya mkopo HESLB je, haiwezi kuonyesha kitu mapema?

mzee_wa_fomu
Mkopo wanapangiwa waliokwisha kudahiliwa, huko utaona mwisho kabisa.

Mama Careen
Mnamjibu yote mnaacha la maana. Mdogo wangu namba ya simu ni wewe uliijaza au ulijaziwa steshenari? Maana ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja TCU wanataka uthibitishe kimoja, na ile namba maalum ya siri inakuja kwa meseji kwenye simu uliyoombea au imeili. Mdogo wangu wa kike alijaziwa na kaka mmoja wa steshenari, yule kaka akaweka laini yake yeye mwenyewe na imeili aliyoitengeneza palepale nywila hakumpa, siku ya kuthibitisha tunamtafuta simu haipatikani duka kafunga kaenda msibani kwao Singida. Alikuja kupatikana siku ya mwisho jioni, mi nimeshalia vya kutosha. Achana na vialama vya kijani, nenda kaangalie hiyo laini.

Kijana wa Kibaigwa
Dada yangu umenishtua. Nimekagua fomu, imeili ni yangu ila namba ni ya bi mkubwa. Ana kisimu cha kiswaswadu na nimekifungua sasa hivi, kimeandika meseji zimejaa 😭

Bwashee wa Sinza
Hahaha kwahiyo unachungulia mitandao ya vyuo usiku kucha, simu yenyewe haina pa kupokelea! Futa zile za "umeshinda" na za vifurushi uanze nazo.

Kijana wa Kibaigwa
Nimeshafuta nafasi ipo. Za vikoba kanikataza nisiziguse, anasema ndio ushahidi wake.

Mama Careen
Mwachie. Ila laini iwe inatumika isije ikafungiwa, na simu ulale nayo karibu wewe.